Ng'ombe Ambaye Sikumwandika

Nyarubungo, Biharamulo
Jumapili ya tatu ya Kwaresima

Dada Leokadia,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia kwa simu, maana tangu Noeli ipite, nikipiga unampa Mama simu kabla sijamaliza kusema haloo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Karatasi huwezi kumpa Mama, kwa kuwa Mama hasomi. Itabidi uishike mwenyewe mpaka mwisho, au uichane. Ukiichana, angalau nitakuwa nimeandika.

Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Keza? Kifua cha Mama kimetulia? Juzi kwenye simu alikohoa mara mbili tu, nikahesabu. Aliniambia maharage ya bondeni yametoa maua na kwamba shemeji Evarist ameziba paa la jikoni. Nilifurahi. Kisha akaniuliza lile analoniuliza kila mara, "Deusi, unakuja lini?" Nikasema, "Karibuni, Mama." Akasema, "Karibuni ni siku gani?" Simu ikakatika. Haikukatika yenyewe, Dada. Niliikata mimi.

Mimi ni mzima wa mwili. Mwezi uliopita niliugua malaria siku nne, nikapona. Mwanangu Gaudensia ni mzima pia, yuko bwenini, kidato cha tatu, na bado hajabadili nia ya chuo cha uuguzi. Alikuja likizo akaniambia nimezeeka. Nikamwambia ni mwanga wa nyumba hii, dirisha ni dogo. Anakusalimu sana na anauliza kwa nini shangazi hamsalimu siku hizi.

Najua unajua jambo lenyewe. Ulimwona yule ng'ombe mtamba akitolewa zizini. Lakini hujui jinsi lilivyofika hapo, na mimi sikukueleza, na nilimwomba Evarist naye asikueleze. Nataka nikueleze kwa mpangilio. Nimeweka mbele yangu daftari langu, lile ulilokuwa ukinicheka nalo: "Deusi umeandika mvua imenyesha, na sisi wote tumelowa, sasa unamwandikia nani?"

Ghala nililolitunza miaka kumi na minne lilifungwa mahindi yalipokaribia kupandwa. Hilo unalifahamu. Mwenye mali alituita sote saba, akatushika mkono mmoja mmoja, na wiki iliyofuata kiinua mgongo kikaingia benki. Sijawahi kuwa na fedha kama zile kwa mkupuo, na ziliniogopesha. Kila niliyekutana naye njiani alikuwa na wazo. Mmoja alitaka tununue pikipiki mbili, mwingine alitaka tulime alizeti. Nikasema hapana, nitatulia, nitamtafuta mtu anayejua fedha anishauri. Bado naamini wazo hilo lilikuwa zuri. Nilikosea pale nilipodhani kwamba anayejua fedha anajua fedha za kila mtu.

Kuna mwalimu ninayesali naye jumuiya. Amejenga nyumba, watoto wake wanasoma, na akiulizwa siri yake anasema ana mshauri mjini Biharamulo. Nikaenda kwa huyo mshauri siku ya Jumanne. Ofisi iko nyuma ya duka la kalamu na daftari. Nilimkuta kijana nadhifu, amevaa tai, mezani kuna chupa mbili za maji, moja yake na moja yangu. Dada, sijawahi kuwekewa maji ofisini. Nadhani nilikubali pale pale, kabla hajafungua mdomo.

"Kazi yako, mzee wangu?"

"Mtunza ghala."

Akaandika. Sikumwambia kwamba ghala limefungwa. Zilikuwa zimepita wiki tatu tu, na mdomo wangu ulikuwa haujazoea kusema vinginevyo. Yeye naye hakuuliza mshahara unaingia lini, maana watu wote anaowashauri, walimu na wauguzi, mshahara wao unaingia, hilo kwake si la kuuliza.

"Mali ulizonazo? Taja zote, usinifiche, mimi ni kama daktari."

Nikatoa daftari. Unanijua, nilikuwa nimeandaa orodha. Nikamsomea: baiskeli moja, cherehani ya marehemu mke wangu Sabina, sehemu yangu ya shamba la Keza, ng'ombe wawili, Keza.

"Hao ng'ombe wanakuingizia nini?"

"Mama anakunywa maziwa."

"Mzee wangu, nimeuliza wanakuingizia nini."

"Hakuna."

"Basi hiyo tunaiita mali iliyolala. Ng'ombe anakula, anaugua, anakufa. Fedha haiugui ndigana."

Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi yake, kwa sababu kati yetu ni mimi niliyewahi kuzika ndama wa ndigana.

Akanipa mpango wa akiba wa miaka mitatu. Kiinua mgongo chote kinaingia kwa mara moja, halafu kila mwezi ninaongeza kidogo bila kukosa, na ukimaliza miaka mitatu unapewa fedha yako na ziada, sawa kabisa na wakati Gaudensia atakapohitaji chuo. Ukikosa miezi mitatu mfululizo, mpango unasimama. Ukitaka kutoka kabla ya wakati, unapata sehemu ndogo tu. Yote haya yameandikwa, na nilisoma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Sitaki umwite mwizi, maana risiti ninazo na fedha ipo. Alikuwa mshauri mzuri, ila wa yule mwalimu.

Kilichofuata utakikisia. Mwezi wa kwanza nililipa. Mwezi wa pili niliuza baiskeli. Kazi ninayoipata sasa ni kuwapimia watu mahindi siku ya gulio, kwa sababu wanajua mizani yangu haidanganyi, na siku nyingine kupalilia mashamba ya watu. Kazi hiyo inanilisha, lakini haitoshi malipo ya mwezi ya ule mpango. Noeli ilipopita niliona mwezi wa tatu unakuja na sina kitu, nikarudi kwenye orodha yangu, kidole kikashuka mpaka kwenye neno ng'ombe.

Nilimpigia Evarist. Sikukupigia wewe, kwa sababu wewe ungeuliza.

Sasa nitaandika jambo ambalo unalijua kuliko mimi. Naliandika ili uone kama nalikumbuka sawasawa.

Gaudensia alipozaliwa, Sabina hakuwa na maziwa. Mtoto alilia siku saba, sauti ikawa kama ya paka. Siku ya nane rafiki yangu Nestori alikuja akimswaga ng'ombe wake Bihogo na ndama, miguu yote imejaa tope hadi magotini, maana alipita njia ya bondeni. Hatukumwomba. Rafiki alisikia mtoto wa rafiki analia, akaja. Mama alileta pombe ya ndizi, tukakaa uani, naye akasema mbele yetu sote, "Mtoto anywe. Mtamba wa uzao wa huyu atarudi kwangu siku Filbert wangu akioa." Filbert alikuwa na miaka minane, amejificha nyuma ya baba yake, sote tukacheka. Mimi nikasema, "Atarudi." Wewe ndiye uliyepiga vigelegele.

Daftari la mwaka ule ninalo hapa. Nimelisoma mara tatu. Limeandikwa hivi: "Ng'ombe wa Nestori amefika. Mtoto amekunywa, amelala." Basi. Ahadi haimo. Nani kwetu anaandika jambo kama hilo? Ukiliandika ni kama kumwambia mtu usoni kwamba humwamini. Nimeandika bei ya chumvi, nimeandika siku ya kuchanja ndama, nimeandika mvua iliyotulowesha sote. Hilo sikuliandika. Kwa hiyo pale ofisini, nilipokuwa nasoma orodha kwa sauti ya mtu mwenye mpangilio, nilikuwa nasoma kitabu ambacho jambo kubwa kuliko yote halimo.

Lakini sitajificha nyuma ya daftari. Nilikumbuka. Nilipokuwa nampigia Evarist nilikumbuka, nikajiambia Filbert bado, hana hata mchumba, mpaka aoe yule mama ng'ombe atakuwa amezaa mtamba mwingine. Siku Evarist alipompeleka mtamba mnadani, ukurasa wangu una tarehe na hauna neno hata moja chini yake. Kurasa za namna hiyo katika maisha yangu ziko mbili. Ya kwanza ni siku tuliyomzika Sabina.

Jioni ile Evarist alinipigia kuniambia bei ilikuwa nzuri. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemwona njiani. Akasema, "Watu wote. Hata Nestori alikuwa barabarani."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, shemeji. Aliuliza tu kama wewe ni mzima."

Dada, angenitukana ningelala.

Halafu wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, simu ikalia, nikaona ni namba nisiyoijua.

"Shikamoo, baba yangu wa ubatizo."

"Marahaba. Filbert?"

"Ndiye. Nimepata mke, baba. Ni binti wa Mabawe. Harusi ni Jumamosi baada ya Pasaka. Baba ameniambia nikupigie mimi mwenyewe, amesema yeye akikupigia utadhani ana neno."

"Ana neno?"

"Hana neno. Amesema tu uje usimamie, wewe ndiye uliyenishika kwenye maji. Utakuja?"

"Nitakuja."

Nimesema nitakuja, Dada. Sikuweza kusema lingine. Baada ya simu hiyo nilimpigia Evarist, naye akaniambia nusu iliyobaki: kwamba ng'ombe wa mahari anatakiwa Mabawe Jumamosi ya kabla ya Matawi, kwamba Nestori amekwisha waambia wakwe watapata mtamba, na kwamba zizini kwa Nestori hakuna mtamba. Aliwaambia hivyo kabla ya Noeli. Alikuwa anamhesabu wa kwetu.

Tangu siku hiyo niko hivi. Begi langu nimelipanga. Liko kando ya mlango. Asubuhi natoa shati, jioni nalifua, likikauka nalirudisha begini. Basi la Ngara linapita barabarani kila siku na nauli ninayo. Hakuna mtu aliyenizuia, na sitoki. Nikifika kwenu nitapita wapi? Njia ya kuja nyumbani inapita mbele ya uwanja wa Nestori, na huwezi kupita uwanja wa rafiki bila kuingia, na siwezi kuingia. Nikikaa huku, kijana niliyemshika kwenye maji ataoa bila msimamizi, na baba yake ataaibika Mabawe kwa ajili yangu. Siku nyingine natembea mpaka barabarani, nasimama basi lipite, narudi. Wauza ndizi wa pale wamenizoea. Mmoja alinitania, "Mzee, leo pia umemsindikiza nani?"

Nikajiambia, kama nilipotezwa na mshauri, nitaokolewa na mshauri mwingine. Nikaenda benki. Nilipokelewa na mama mmoja mpole, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nina hati ya ardhi. Sina. Karatasi ya mshahara? Sina. Akaweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akasema, "Kaka, mimi kazi yangu ni mikopo. Nikushauri nini mimi?" Angalau aliona aibu. Yule wa semina ya ujasiriamali iliyofanyika kwenye ukumbi wa kanisa hakuona. Nilimfuata wakati wa chai, nikaanza kumweleza habari za ng'ombe wa rafiki na harusi, akanikata: "Mzee, kuku. Anza na kuku mia tano." Nikamwambia harusi ni baada ya Pasaka. Akasema kuku wanakua haraka.

Aliyenisaidia alikuwa jirani, na alinisaidia kwa kukataa.

Anaitwa Mama Hadija. Anakaanga maandazi asubuhi mbele ya nyumba yake, na Ijumaa jioni, wanaume wakiwa wamekwisha toka msikitini, kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa kinakutana uani kwake, yeye ndiye mweka hazina. Wanawake wanamfuata kwa mengi. Alhamisi nilikwenda kununua maandazi mawili, akanitazama.

"Baba Gaude, siku hizi unatembea kama mtu aliyepoteza ufunguo."

Sijui kwa nini, nikakaa kwenye benchi nikamweleza yote. Alikuwa anageuza maandazi huku anasikiliza. Nilipofika kwenye kuku mia tano alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mia tano! Mimi ninao watano na wananishinda." Kisha akasema nimsomee ile orodha, vile vile nilivyowasomea wengine. Nikasoma. Baiskeli imekwisha, cherehani ipo, sehemu ya shamba, ng'ombe wawili ambao sasa ni mmoja.

"Huyo ng'ombe ulinunua au ulipewa?"

"Nilipewa."

"Kwa neno gani?"

Nikafunga daftari.

"Yule kijana wa mjini alikuuliza hivyo?"

"Hapana."

"Na mama wa benki?"

"Hapana."

"Usiwalaumu. Wao wanajua za kwao. Mtu mwenye jino ameenda kwa fundi viatu, fundi viatu afanyeje? Atakuuzia viatu."

"Basi nishauri wewe, Mama Hadija."

"Mimi?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Anayetaka mtaji wa kuuza vitenge, namjua. Anayetaka mbolea alipe akivuna, namjua. Ng'ombe wa kupewa simjui, na watu wa Keza siwajui. Nikikushauri nitakupoteza kwa huruma, na wewe umekwisha potezwa kwa maji ya chupa. Tafuta mtu anayemjua ng'ombe huyo, anayemjua rafiki yako, anayekujua wewe pamoja na uongo wako, na ambaye hapati chochote ukimkubalia wala ukimkatalia. Yuko mtu wa namna hiyo?"

"Yuko. Hapokei simu yangu."

"Alaa! Basi ndiye huyo haswa. Mwandikie." Akanifungia maandazi manne, akakataa kupokea hela ya mawili.

Kwa hiyo Dada, barua hii si ya kuomba msamaha tu, ingawa msamaha naomba. Nimekuja kwako kama nilivyokwenda kwa wale wengine. Umewakamua ng'ombe hawa tangu niondoke. Unajua yupi alizaliwa na yupi, yupi ana deni na yupi hana, na hukuhitaji daftari. Uliishia darasa la saba kwa sababu karo ilitosha mtoto mmoja, na mtoto huyo nilikuwa mimi. Nilitakiwa nianze kwako, na nilikwenda kwa kila mtu isipokuwa wewe. Sasa naweka mambo mezani, na sifichi.

Hapa usimsomee Mama.

Nestori anahitaji mtamba ifikapo Jumamosi ya kabla ya Matawi. Naona njia tatu na kila moja imefungwa mahali.

Naweza kuuvunja ule mpango, ambamo hata fedha ya mtamba imeingia. Nimechukua fomu, nimeijaza, sijaipeleka. Kitakachorudi kinatosha mtamba mmoja na kidogo juu yake, na chuo cha Gaudensia kitakuwa kimekwisha hapo, kabla hajamaliza kidato cha nne. Fomu inachukua siku kumi kushughulikiwa, kwa hiyo isipopelekwa wiki hii haina maana tena.

Naweza kumpa Nestori yule ng'ombe aliyebaki, mama wa mtamba. Ni wa uzao wa Bihogo, hakuna atakayesema si halali. Lakini yeye ndiye anayempa Mama maziwa, na Mama siku hizi, wewe mwenyewe uliniambia zamani ukiwa bado unaniambia mambo, hali kitu kingine asubuhi.

Au nije mikono mitupu. Niingie kwa Nestori bila ng'ombe na bila mtu wa kunisemea, nikae chini, niseme nilichofanya kwa maneno yangu, na yeye aamue mbele ya mkewe na mwanawe. Hiyo ya tatu ndiyo inayonitoa jasho. Sijui kama mtu akifanya hivyo kwetu anasikilizwa, au anatolewa. Wewe unajua. Unakwenda kisimani na mke wake, unajua anavyonitaja.

Sikuulizi ipi ni rahisi kwangu. Wale wengine wote walianza na hilo. Nakuuliza ipi ni sawa kwa ng'ombe huyu, kwa watu hawa. Ukisema mtoto wangu ndiye alipe, nitampelekea fomu yule kijana. Ukisema Mama akose maziwa, nitaona aibu lakini nitasikia. Ukisema nije nikae chini, nitakuja. Sitamuuliza mtu mwingine baada yako.

Nyuma ya karatasi hii nimeacha wazi kwa ajili ya jibu. Barua nampa dereva wa fuso anayepeleka mahindi Ngara, ni mtu wa Mabawe, ataipitisha kwenye duka la chumvi pale njia panda. Atarudi Alhamisi, na amekubali kusubiri.

Nisalimie shemeji Evarist, na usimgombeze zaidi. Alifanya nilichomwagiza, na hela aliniletea yote, hata nauli hakukata. Nisalimie katekista, mwambie wimbo alionifundisha wa Ijumaa Kuu bado nauimba, ingawa sauti ya pili huku hakuna wa kuiimba. Nisalimie watoto wako wote, na yule mdogo mwambie mjomba hajasahau peremende. Jirani bibi mwenye jicho moja mpe shikamoo yangu, na umwambie nimeacha tumbaku. Mama mpe shikamoo kabla ya wote, na ukimsomea barua hii msomee juu na chini, katikati useme maandishi yangu ni mabaya. Ataamini, siku zote alisema naandika kama kuku anayechakura.

Mke wa Nestori sijui nimsalimieje. Niangalizie wewe.

Leo baada ya misa nimefungua daftari kwenye ukurasa wa ile siku ya mnada, chini ya tarehe, mahali palipokuwa patupu. Nimeandika: "Mtamba wa Nestori, wa harusi ya Filbert. Niliahidi mbele ya Mama na Dada." Limechelewa miaka kumi na sita, na limeandikwa ng'ombe akiwa kwa mtu mwingine, lakini sasa limo.

Kama hutaki kuandika, au mkono unakataa kuniandikia, nitaelewa. Basi nibipu tu. Sitapokea, hutahitaji kusema neno nami. Ukibipu mara moja nitajua umesema nije nikae chini kwa Nestori, na sitalifua shati la siku hiyo. Nitaliweka begini hivyo hivyo, nitapanda basi.

Simu nimeiweka dirishani, ndipo mtandao unaposhika.

Mdogo wako,
Deusdedit